Je, utafiti wa wakimbizi unaweza kumlea mtu mpaka astaafu?

Mwuliza swali, Moshi
Ndugu wanajukwaa, shikamooni mlionitangulia. Mimi ni mhadhiri msaidizi hapa Moshi, nami ninakusudia kuandika tasnifu ya uzamivu kuhusu sera za wakimbizi. Mwenzangu mmoja ananionya kwamba siku kambi za Kigoma zitakapofungwa, kazi yangu nayo itakuwa imefungwa. Je, ana haki?

Jibu la kwanza, Arusha
Marahaba. Mwenzako anachanganya kambi na sera. Mwaka 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 walipovuka mpaka wa Rusumo kuingia Tanzania katika muda wa saa 24, watafiti walijaa wilayani Ngara. Mahema yalipong'olewa nao wakaondoka, kwa kuwa ruzuku zilikuwa zimehamia kwenye vita vingine. Maswali yalibaki palepale. Kwa nini nchi iliyowagawia mashamba Warundi waliokimbilia kwetu mwaka 1972 huko Ulyankulu, Katumba na Mishamo ilikuja kutunga Sheria ya Wakimbizi ya 1998, ambayo kwayo mkimbizi hatoki kambini bila kibali? Na wale Warundi wapatao 162,000 waliokubaliwa uraia, kisha wakasubiri vyeti vyake hadi 2014, katika miaka hiyo ya kusubiri walikuwa nani? Swali hilo la mwisho limenilisha hadi leo ninapokaribia kustaafu. Katumba, mzee mmoja alinitolea cheti chake kutoka katika mfuko wa nailoni uliofungwa kwa uzi, akanisomea jina lake kwa sauti, akakirudisha bila kuniruhusu nikishike.

Jibu la pili, Arusha
Naongezea jambo la vibali. Kile cha utafiti hutolewa na COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, lakini cha kuingia kambini hutoka Wizara ya Mambo ya Ndani, na kimoja hakimvuti mwenzake. Barua yangu ililala miezi mitano katika ofisi moja (nisiitaje), na fedha za safari zikarudi kwa mfadhili. Ukiwa unasubiri, panda basi uje Arusha usome hukumu za Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Ya mwaka 2018 inahusu mtu aliyenyang'anywa uraia, akakwama mpakani kati yetu na Kenya, kila upande ukimkataa. Hapo hukuhitaji kambi.

Mwuliza swali, Moshi
Nawashukuru sana. Kirundi sikijui, nianze nacho kabla ya kuomba vibali?

Jibu la kwanza, Arusha
Anza leo. Yule mzee alinieleza mengi kwa Kiswahili, lakini na mkewe walinong'onezana kwa Kirundi, na sehemu hiyo sikuipata.