Tupeane uzoefu: tangazo la komini linafikaje kwenye avenii yako?

Mwana wa Katuba
Wapendwa wa Lubumbashi, jambo. Mvua ya kwanza iko karibu, na kwenye valvu (ubao wa matangazo) ya komini, ile ofisi ya wilaya ya mji, kuna tangazo la kusafisha mifereji. Leo ni siku ya 8 liko pale. Pita avenii tatu nyuma ya ofisi hiyohiyo, uliza mama anayeuza makala ya kupikia, uliza kijana anayeuza yuniti za simu: hakuna anayelijua. Karatasi ni ya Kifaransa, herufi ndogo, imebanwa chini ya tangazo la mwaka jana ambalo hakuna aliyelitoa, na jua limeshakula wino wa muhuri.

Tupeane uzoefu. Kila mmoja aseme kinachofanya kazi kwao, iwe komini ya Kenya, Kamalondo, Kampemba, Ruashi, Annexe au komini ya Lubumbashi yenyewe. Hatua, gharama, kosa linalorudiwa. Majina ya wakubwa tuyaache.

Sauti ya Asubuhi
Megafoni bado ni mfalme, lakini ina saa zake. Saa 12 asubuhi kabla watu hawajashuka mjini, na saa 12 jioni wakati mbabula (jiko la makaa) imeshawaka na watu wako uani. Saa 5 mchana unawatangazia watoto na kuku.

Megafoni ya kawaida inakula betri kubwa 6 au 8. Sauti ikianza kupasuka, simama, badilisha betri. Usiendelee, maana mtu akisikia nusu ya tangazo ataijaza nusu nyingine mwenyewe. Usiseme huku unatembea. Simama kwenye kona, taja jina la kartiye (mtaa) kwanza, kisha mambo manne: nini, wapi, siku gani na saa ngapi, mtu aje na nini. Rudia mara mbili, ndipo uhame.

Kosa kubwa kuliko yote ni neno "kesho". Mtangazaji anaanza avenii ya kwanza jioni, betri zinaisha, anamalizia avenii ya pili asubuhi yake, na bado anasema "kesho". Nusu ya kartiye inafika Ijumaa, nusu Jumamosi, kila nusu inasema ile nyingine imegoma. Sema jina la siku na tarehe. Kila mara.

Yaya Ruashi
Hiyo ya "kesho" ni kweli tupu.

Muhuri na Tarehe
Mimi niseme upande wa pili, kutoka kwa wananchi kwenda ofisini, maana habari ni njia mbili.

Katiba ya 2006, kifungu cha 27: kila Mkongomani ana haki ya kupeleka petisyo (ombi la maandishi) kwa mamlaka ya umma, peke yake au pamoja na wenzake, na mamlaka inatakiwa kujibu ndani ya miezi 3. Kifungu hichohicho kinasema hakuna anayeweza kushtakiwa kwa sababu amefanya hivyo. Watu wengi wanaishi miaka yote hawajui kwamba saa inaanza kuhesabu siku barua inapopokelewa.

Ndiyo sababu kupokelewa ndiko kwenye kazi. Andika barua ya ukurasa mmoja. Jambo moja tu. Ukichanganya mfereji, taa na kelele za baa, kila ofisi itasema sehemu yake ni ile nyingine. Juu weka tarehe, jina la kartiye na avenii, na cheo cha anayeandikiwa (burgumesta, mkuu wa komini, au meeri, mkuu wa mji, kama jambo linagusa komini zaidi ya moja). Majina na sahihi ziwe kwenye karatasi yenye kichwa cha barua juu yake. Orodha tupu ya sahihi ikitengana na barua haina maana tena, na inaweza kubandikwa kwenye barua ambayo hamkuiandika. Toa nakala 2. Zote mbili ziende sekretarieti, si kwa mlinzi, si kwa kijana wa ofisi uliyekutana naye kwenye korido. Nakala yako irudi na muhuri, tarehe, namba ya kuingizwa kwenye rejista na sahihi ya aliyepokea. Kikikosekana kimoja kati ya hivyo vinne, simama palepale uombe. Piga picha kabla hujatoka getini.

Nakala ya tatu mpe konseye (diwani) wenu wa komini. Tarehe 20 Desemba 2023 tulipiga kura nne, na ya nne ilikuwa ya makonseye wa komini. Wengi walitia alama wakasahau waliyemchagua. Baraza la komini ndilo linalopaswa kupitisha bajeti na kuuliza maswali kwa burgumesta. Mpe karatasi aishike mkononi. Simu ataisahau.

Baba Bel-Air
Miezi mitatu? Maji yakiingia nyumbani Desemba, nijibiwe Machi nimeshahamia kwa shemeji?

Muhuri na Tarehe
Ndiyo maana barua ya mfereji haiandikwi Desemba, Baba. Andika mwanzo wa Juni, ardhi ikiwa kavu na koleo inaingia. Miezi mitatu inaisha mwanzo wa Septemba, mvua bado. Na bajeti ya komini inaanza tarehe 1 Januari, kwa hiyo inaandaliwa miezi ya mwisho ya mwaka. Kilio cha Januari kinakuta mfuko umeshagawanywa.

Baba Bel-Air
Hapo nimekuelewa. Lakini Juni nani anakumbuka mvua?

Dada wa Mtoni
Niruhusuni, maana mkitaja karatasi na valvu, kuna jambo lazima lisemwe. Kartiye sitaitaja, ni pembeni ya mto, wenye kuijua wataijua.

Tangazo lilibandikwa kwenye valvu: nyumba zilizo juu ya njia ya maji zitabomolewa. Kifaransa, ukurasa mmoja na nusu. Chefu wa kartiye alipewa nakala, akaiweka kwenye faili akingoja mkutano wa Jumapili. Jumapili mvua ilinyesha, mkutano haukufanyika. Jumanne wakaja vijana wawili na kopo la rangi nyekundu, wakachora msalaba ukutani na namba chini yake. Watoto ndio waliokuwa nyumbani. Wazazi waliporudi jioni wakaambiwa ni watu wa kuhesabu nyumba. Mwingine akasema ni chanjo. Mama mmoja, naomba mlisikie hili, alichukua maji na omo akaufuta msalaba kwa sababu ulikuwa unachafua ukuta aliokuwa ameupaka chokaa. Hakuna aliyemwambia ule msalaba unasema nini.

Mashine ilifika asubuhi. Watu walikuwa na muda wa kutoa magodoro na masufuria. Mabati yaliyotolewa haraka yalipinda, hayafai tena. Na hapo ndipo ilipojulikana kwamba tangazo lilikuwa limetoa siku za kupeleka malalamiko na karatasi za lupango (kiwanja), na siku hizo zilikuwa zimepita zote. Kulikuwa na nyumba tatu za mwisho ambazo hazikuwa hata kwenye njia ya maji. Mpimaji alihesabu kutoka upande mbaya wa daraja. Wenyewe wangekwenda na karatasi zao siku ya pili tu, zisingeguswa. Karatasi walikuwa nazo. Habari ndiyo hawakuwa nayo.

Msalaba mwekundu ukutani ni barua. Ukiuona, siku hiyohiyo uliza namba yako, uliza tangazo liko wapi, piga picha ya ukuta, nenda na nakala za karatasi zako. Usifute.

Yaya Ruashi
Mungu wangu. Hadi ukuta wa chokaa naona.

Mzee wa Kamalondo
Pole kwa waliopoteza. Lakini tuseme na hili: aliyejenga juu ya mfereji hana cha kudai. Maji yana njia yake.

Dada wa Mtoni
Mzee, kwa heshima, nani aliwauzia? Walionyesha karatasi za kuuziana zenye muhuri.

Muhuri na Tarehe
Hapa tutenganishe. Karatasi ya kuuziana yenye muhuri wa kartiye, au fishi (kadi) ya lupango ya komini, inaonyesha kwamba uko pale na ofisi inakujua. Haikupi umiliki. Kwa sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, haki juu ya lupango inathibitishwa na cheti cha kuandikishwa kinachotolewa na konservateri (msajili) wa ardhi, na cheti hicho kikipita miaka 2 bila kupingwa kinakuwa kigumu sana kuvunjwa. Mwenye cheti akinyang'anywa kwa manufaa ya umma, kuna sheria ya tarehe 22 Februari 1977, na Katiba kifungu cha 34 inataka fidia ya haki ilipwe kabla. Asiye na cheti amesimama kwenye tope laini, lakini bado ana haki ya kujulishwa na kusikilizwa.

Mzee wa Kamalondo
Sawa. Kujulishwa sipingi.

Baba Bel-Air
Mnaona? Sasa kila mtu akimbilie kwa konservateri kesho asubuhi.

Sauti ya Asubuhi
Siku gani, Baba? Tumeshakataza "kesho".

Mama wa Vitunguu
Sokoni, kwa ufupi. Tiketi ya meza ya kila siku ina namba iliyochapwa na tarehe. Ukilipa bila kupewa tiketi, hela haijaingia komini. Ukipewa tiketi ya jana, vilevile. Zitunge kwenye msumari mmoja kwa mfuatano, mwisho wa mwezi zihesabu. Bei ya tiketi iulizwe sekretarieti, ibandikwe kwenye geti la soko kwa Kiswahili na kwa tarakimu kubwa. Bei ikiwa ukutani, mabishano yanapungua siku hiyohiyo.

Mhasibu wa Ruashi
Ahsante Mama. Niongeze fedha ambayo watu wa Ruashi na Annexe hawaiulizii vya kutosha, labda kwa sababu haipiti mikononi mwao kama tiketi. Kodi ya mali inayotoka migodini, redevansi, tangu sheria ya madini iliporekebishwa mwezi wa Machi 2018 inagawanywa hivi: katika kila dola 100, serikali kuu 50, provinsi 25, mfuko wa vizazi vijavyo 10, na 15 zinaenda kwa komini, sekta au chefferi (eneo la chifu) ambamo mgodi uko. Zile 15 zinakwenda kwenye akaunti ya komini yenyewe, hazipitii provinsi. Mbali na hizo, kampuni inatoa angalau 0.3% ya mauzo yake kwa miradi ya wakazi wanaoguswa na mgodi. Ni mifuko miwili tofauti, na kosa la kawaida ni kuichanganya: mnauliza komini habari ya 0.3%, wanasema hawajui, na ni kweli, ile inasimamiwa na chombo ambacho wakazi wana wajumbe wao ndani yake.

Swali la kupeleka lisiwe "pesa zetu ziko wapi". Swali hilo linajibiwa kwa hotuba. Uliza hivi: muhula huu komini imepokea kiasi gani cha redevansi, kimeandikwa mstari upi wa bajeti, na kimelipia kazi gani. Maswali matatu, majibu matatu ya tarakimu.

Kijana wa Kasapa
Na umeme? Transfoma yetu tulipeleka komini mara nne.

Muhuri na Tarehe
Komini haina transfoma. Umeme ni SNEL, maji ya bomba ni REGIDESO, barabara kubwa na mifereji mikubwa ni OVD. Zote ni za serikali kuu. Vignette (kodi ya mwaka) ya gari na kodi ya nyumba za kupangisha ni DRHKAT, ofisi ya mapato ya provinsi. Komini ni soko, usafi wa mtaa, mifereji midogo, kuandikisha vizazi, vifo na ndoa. Na kizazi kinaandikishwa bure ndani ya siku 90. Zikipita, ni hukumu ya mahakama, na hapo gharama zinaanza. Barua ikienda mlango usio wake, si lazima wakuambie. Inalala tu.

Mgeni kutoka Bukavu
Nachungulia tu, jirani. Kule Kivu Kusini, walipoanza bajeti shirikishi, yaani wakazi wenyewe kuchagua miradi, watu waliitwa mkutanoni kwa SMS. Ujumbe mfupi, simu ya tochi inaupokea, hauli megabaiti. Jambo la kuiga ni kurudisha majibu: mradi gani umechaguliwa, umetengewa kiasi gani. Watu wakiitwa mara mbili bila kurudishiwa majibu, mara ya tatu hawaji.

Kijana wa Kasapa
WhatsApp nayo inatosha jamani.

Sauti ya Asubuhi
Haitoshi, na ina sumu yake. Kabla hujasambaza picha ya komunike (tangazo rasmi), angalia vitu vitano: namba ya barua, tarehe na mahali, jina na cheo, sahihi, muhuri. Picha iliyokatwa chini haina sahihi, usiipeleke. Kisha rekodi sauti ya Kiswahili isiyozidi dakika moja, uiambatanishe. Asiyesoma Kifaransa atasikia, na mwenye shaka ataona karatasi. Na neno la Kifaransa "invité" usilifasiri "mnaalikwa". Kwenye komunike lina maana mnatakiwa kufika. Watu wamekosa tarehe nyingi wakidhani ni karamu.

Mwana wa Katuba
Nimewasoma wote. Nimeliandika upya tangazo la mifereji, nirekebisheni:

"Wakazi wa avenii zote za kartiye yetu: Jumamosi hii, saa 1 asubuhi, tunasafisha mfereji kuanzia kwenye daraja dogo hadi nyuma ya soko. Kila lupango ilete mtu mmoja na koleo au jembe. Taka ziwekwe kwenye mifuko kando ya barabara."

Mama wa Vitunguu
Tarehe haipo. Na mifuko itabebwa na nani? Mkiacha tope na chupa kando ya mfereji bila gari, mvua ya kwanza inazirudisha zote ndani.

Mwana wa Katuba
Komunike haisemi gari, Mama. Naenda kuuliza sekretarieti Alhamisi saa 3 asubuhi, na swali liko kwenye karatasi, nakala 2.