Mdogo wangu anataka luti libre (mieleka ya kushika mpaka miguu) iwe kazi yake, njia iko kweli?

yaya_wa_katuba
Jambo bandugu. Mdogo wangu iko na miaka 17, amecheza judo miaka mbili hapa Katuba, Lubumbashi, sasa anasema anaacha, anaenda paka ku luti libre, anataka kufika Olimpiki. Papa amekatala kabisa, anasema ile ni mambo ya kachi (mieleka ya maonyesho) na dawa za uchawi, mutoto ataharibika. Nataka kumusaidia lakini sijui nimwambie papa nini. Mtu anaishi ku ile kazi?

miguu_74
Yaya, papa anachanganya. Kachi ni maonyesho. Hii ya Olimpiki iko na marefa na pointi, dakika 3, munapumzika sekunde 30, dakika 3 tena. Ukimuangusha ukamutawala ni pointi 2, ukimupita pointi 10 imeisha, na mabega yake yakilala ku tapi (mukeka wa kupigania) inaisha palepale ata kama ulikuwa nyuma 9 kwa 0. Sasa shida ya mdogo wako itakuwa miguu. Judo ya leo inakataza kushika miguu kwa mukono, kwa hiyo amezoea kusimama wima, na huku wima hivyo watamuvuta miguu kila siku. Miezi ya kwanza ataanguka sana, musimucheke ku nyumba. Kutupa mtu atakuwa anajua tayari, ile ni mali yake.

mama_kenya
Mimi naongea kama mama. Muangalie kilo. Wanaume ku Olimpiki ni 57, 65, 74, 86, 97 na 125, na wanapimwa asubuhi ileile ya mashindano. Mutoto wangu alikuwa anakatala kula na kunywa maji juu ya kushusha kilo, akaanguka ku mazoezi, niliogopa sana. Ale, akomae, kilo yake itajipanga.

mutu_wa_luti
Kuhusu kuishi: mueleze papa habari ya Daniel Igali. Mnijeria, 1994 alienda Canada na timu ya Nigeria kwa michezo ya Commonwealth, akabaki kama mukimbizi, akaingia chuo huku anafanya mazoezi. 1999 bingwa wa dunia, 2000 dhahabu Sydney kilo 69, akatandika bendera ya Canada ku tapi akaibusu. Ona vizuri, ni miaka 6, na masomo hakuacha. Kisha akarudi kwao kuongoza federasyo ya luti ya Nigeria, na ku Olimpiki ya Tokyo Blessing Oborududu akachukua medali ya fedha kilo 68, medali ya kwanza ya Nigeria ku mieleka. Kwa hiyo mdogo amalize kwanza diplome ya Eta (ya kumaliza sekondari), mazoezi jioni.

yaya_wa_katuba
Asante sana, mama, pole kwa ile ya mutoto. Masomo papa atasikia, hapo njo nitaanzia. Lakini tapi ya luti sijaona huku, afanye wapi?

miguu_74
Tatami ya judo inatosha kuanza. Avue kimono, atafute mwenzake wa kilo sawa, na wazoee kushikana miguu nusu saa kila jioni.