Naomba ushauri: nieleze vipi mipaka ya kazi za jeshi kwa wanafunzi?

Ndugu zangu, shikamooni wakubwa. Nafundisha Uraia katika sekondari moja hapa Kigoma, na wiki ijayo naongoza mdahalo kuhusu majukumu ya jeshi letu nje ya vita.

Sehemu ya katiba hainisumbui. Ibara ya 148 inampa Amiri Jeshi Mkuu mamlaka ya kuyaamuru majeshi kulinda nchi, kuokoa maisha na mali wakati wa hatari, na kufanya shughuli nyingine atakazoona zinahitajika. Kigugumizi changu kiko kwenye hizo shughuli nyingine. Binti mmoja, ambaye mama yake huanika dagaa Katonga, aliniuliza kwa utulivu kabisa: ikiwa mwaka 2018 wanajeshi walipelekwa kusini kubeba korosho, nani huamua kwamba kazi fulani imewashinda raia? Nilikaa na chaki mkononi, nikamwahidi jibu.

Sisi tunaotazamana na Kongo ng'ambo ya ziwa, ambako askari wetu walikwenda mwaka 2013 chini ya Umoja wa Mataifa, hatulichukulii jeshi kama habari ya redioni. Binafsi naona uokoaji hauna mjadala, lakini biashara ya mazao ingehitaji kwanza kauli ya Bunge.

Je, nifundishe maoni hayo waziwazi, au niwaachie watoto wapime wenyewe? Na kwa waliopitia JKT au kulitumikia jeshi, ni mifano gani ya kazi za kiraia mnayoona inafaa darasani?