Gumzo la familia: kidimbwi cha Tunu

Tunu: Shikamooni wakubwa. Shimo mnaloliona pichani nimelichimba bustanini. Nataka kidimbwi cha vyura na kereng'ende. Nimechagua penye jua, mbali na mti, majani yasije yakajaa humo yakaoza. Katikati kina ni sentimita 60.

Shangazi Mwana: Marahaba mwanangu. Hayo si yatakuwa mazalio ya mbu?

Mjomba Idi: Tia samaki, watawala viluwiluwi wa mbu wote.

Tunu: Watawala mjomba, lakini hawachagui. Watakula na mayai ya vyura, na watoto wa kereng'ende pia. Na hao watoto wa kereng'ende ndio wawindaji wenyewe: wanaishi majini miezi mingi, aina nyingine hata zaidi ya mwaka, na viluwiluwi wa mbu ni chakula chao. Samaki sitaki kabisa.

Shangazi Mwana: Hao kereng'ende utawatoa wapi?

Tunu: Wanakuja wenyewe, shangazi. Wakiona maji wanataga.

Kaka Salum: Wanakuja, ila mbu watawatangulia. Hofu ya shangazi ni ya kweli. Kwenye joto, yai la mbu huwa mbu kamili ndani ya wiki moja hadi mbili. Kwa hiyo mwanzoni pitisha kichujio juu ya maji kila baada ya siku mbili tatu. Utawaona viluwiluwi wao wananing'inia pale juu, maana wanapanda kupumua. Ukiwatoa, wamwage kwenye udongo mkavu. Na tafadhali Tunu, usiende kuchota vyura mtoni. Kuna kuvu inayoshambulia ngozi zao, imeangamiza aina nzima nzima za vyura duniani, na husafiri hata kwenye maji ya ndoo. Waache waje wenyewe.

Tunu: Sitaleta hata mmoja. Gugumaji nalo sitaki, linatanda mpaka maji hayaonekani.

Bibi: Mjukuu wangu, kingo zote naziona zimesimama wima. Mnyama akitumbukia atatokaje?

Kaka Salum: Bibi kaona. Nailoni utakayotandika shimoni ikilowa inateleza, kalunguyeye au ndege akiingia ataogelea mpaka achoke. Upande mmoja ulaze kabisa, upange mawe kutoka chini hadi juu. Hapo kwenye maji haba ndipo ndege wataoga, na viluwiluwi wa chura watapata joto.

Tunu: Kesho naulaza, bibi. Asante.

Mama Tunu: Uzio kwanza, ndipo maji. Mtoto mdogo anazama hata kwenye maji ya sentimita chache.

Tunu: Sawa mama. Maji yenyewe nasubiri ya mvua, ya bomba yana klorini. Nani ana zulia kuukuu la kutandika chini ya nailoni, mawe yasiitoboe?

Mjomba Idi: Ninalo, naleta Jumamosi pamoja na pimamaji. Ukingo mmoja ukishuka kidogo tu, maji yatamwagikia huko.

Shangazi Mwana: Nami naleta kichujio.