Naombeni ushauri: mashindano ya majadiliano kwa wanafunzi wa sheria, mwaka jana tuliaibika

Mdau_Mwaka_wa_Tatu: Habari za jioni wakuu. Nasoma sheria mwaka wa tatu, chuo kimoja hapa Dar. Chama chetu cha wanafunzi kimenitwisha mashindano ya majadiliano. Si yale ya mahakama ya mfano, ya kuigiza kesi mbele ya jaji. Hapa timu za watu wawili wawili zinakaa mezani, kila moja na mteja wake, zitafute muafaka.

Mwaka jana ilikuwa aibu. Kila upande huwa na karatasi yake ya siri kutoka kwa mteja. Jamaa wa fotokopi akazibana zote kwa pini moja. Timu ya muuzaji ikafungua bahasha, ikakuta mpaka bei ya mwisho ya mnunuzi, ikanyamaza. Tulishtuka mnunuzi alipotaja milioni nane, muuzaji akatabasamu: "Ongeza mbili, unazo." Halafu majaji, mawakili watupu, wakawapa ushindi waliofoka zaidi.

Safari hii nina timu 12, laki sita na Jumamosi moja. Nianzie wapi?

Joho_Jeusi: Timu 12 kwa siku moja utazimia mkuu. Chuja darasani zibaki nane. Vyumba vinne, majaji wawili kila chumba, hao tayari ni watu nane wa kuwalisha wali. Kila timu icheze mara mbili na wapinzani tofauti, mbili za juu ziingie fainali. Kwenye mashindano ya chama cha mawakili cha Marekani huwa dakika 50 za mezani, kisha kila timu inabaki peke yake na majaji dakika 10 na kuulizwa: ingekuwa kesho, mngebadili nini? Muda ukibana usizile hizo kumi. Hapo ndipo aliyebahatisha anajulikana.

Mama_Wakili: Mwanangu, shughuli ni kesi yenyewe. Ukiandika ugomvi wa bei tu, watavutana kamba mpaka kengele. Chukua frem ya Kariakoo, chumba cha duka cha kupanga. Karatasi ya wote: mkataba unaisha, mwenye nyumba anataka kodi itoke laki nane kwa mwezi hadi milioni na nusu. Siri ya mwenye nyumba: hashuki chini ya laki tisa, ila ana ada za watoto, anataka ya mwaka mzima kwa mkupuo. Siri ya mpangaji: anafika milioni moja na laki, lakini alilipa kilemba kizito, ile hela ya kuachiwa frem, kuingia pale na anaogopa kutolewa mwakani, anataka mkataba wa miaka mitatu. Bei zinakutana, sawa, lakini mjanja ni atakayeuliza kwa nini mwenzake ana haraka. Na kila mmoja mpe mlango wa pili: mpangaji ameonyeshwa frem nyingine, mwenye nyumba ana mtu anaulizia. Karatasi za siri chapa rangi mbili, njano na bluu.

Mzee_wa_Fitina: Mtu asome sheria miaka minne aje ajifunze kupatana bei? Hiyo kazi ya madalali. Fanyeni mahakama ya mfano.

Mama_Wakili: Fitina, soma Katiba, ibara ya 107A(2)(d): mahakama zenyewe zimeagizwa kukuza usuluhishi. Nenda CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, mgogoro wa kazi unaanzia kwa msuluhishi kabla ya uamuzi. Nimeona mawakili wanafika pale na mafaili ya kugombana, ukiwauliza mteja anataka nini, wanageuka kumtazama mteja.

Joho_Jeusi: Majaji waite saa moja kabla, mkae na fomu ya alama. Iandikwe wazi: kukosa muafaka si sifuri. Kama ofa ni mbaya kuliko ule mlango wa pili, kuikataa ndiyo kazi ya wakili. Na wachanganye, tafuta hata afisa rasilimali watu mmoja.

Mdau_Mwaka_wa_Tatu: Asanteni sana, frem ya Kariakoo nimeibeba. Swali la mwisho: Kiingereza au Kiswahili? Walimu wanataka Kiingereza.

Mama_Wakili: Sheria ilibadilishwa 2021, lugha ya mahakama sasa ni Kiswahili. Na mwenye frem gani Kariakoo utapatana naye kwa Kiingereza?

Mzee_wa_Fitina: Kijana, hapo kwenye laki tisa mmekosea. Frem ya barabarani haishuki hapo, na huyo anayeulizia lazima awe na hela mkononi, la sivyo hakuna anayetishika. Nimepangisha hizo frem miaka kumi. Mkikosa jaji wa chumba cha nne, nitumie ujumbe. Nauli tu.