Tumechoka na spea mpya za MGB na Spitfire zinazokufa kabla ya zile za zamani

Wakuu, leo sina salamu ndefu.

MGB na Triumph Spitfire, yale magari madogo ya michezo ya Kiingereza, zote zilianza kutengenezwa 1962, zote zikakoma 1980. Yaani iliyo changa kabisa kati yao ina zaidi ya miaka 40. Halafu unafungua distibuta (kigawa umeme wa plagi) ambayo haijaguswa kitambo, unakuta rota yake ya kwanza (kile kipande kinachozunguka ndani) ya kampuni ya Lucas bado inapiga kazi, wakati ile iliyotoka kwenye kipakiti juzi ndiyo imelaza gari kando ya barabara. Hii ni aibu ya wanaotengeneza na wanaouza. Aibu ya pili ni yetu sisi mafundi wa nyumbani: tunafunga kitu kipya bila kukipima, cha zamani tunakitupa, gari likizima tunasema "magari ya Kiingereza ndivyo yalivyo". Sivyo yalivyo!

Naanza na rota kwa sababu ndiyo inayokera kuliko zote.

Rota nyingi za bei rahisi za distibuta ya modeli ya 25D4 zina ribiti inayoshikilia bamba la shaba. Ribiti hiyo inashuka ndani ya plastiki mpaka karibu kabisa na kispringi kinachobana shafti. Plastiki iliyobaki katikati ni nyembamba, na ikiwa ya hovyo, umeme wa koili (inayopandisha volti za betri) unatoboa hapo na kushuka kwenye shafti badala ya kwenda kwenye plagi. Dalili zake zinadanganya vibaya: gari linawaka vizuri likiwa baridi, linatembea, likishika joto linazima ghafla, likipoa linawaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Mwenye gari anabadilisha pampu ya petroli, anafungua kabureta, ananunua koili. Ugonjwa uko palepale.

Kuipima ni kazi ya dakika chache, na ifanywe injini ikiwa bado ya moto, pasipo harufu ya petroli karibu. Vua kofia ya distibuta, rota iache mahali pake. Chomoa waya mnene wa koili katikati ya kofia, ushike kwa koleo yenye mpini wa mpira, ncha yake isimame kama milimita 3 juu ya shaba ya rota. Zungusha injini mpaka pointi (kiswichi cha ndani ya distibuta kinachokata umeme wa koili) zifunge, washa swichi, kisha zitenganishe pointi kwa kijiti kikavu. Cheche ikiruka kuingia kwenye rota kila zinapotengana, rota inavujisha. Rota nzima haina pa kuupeleka umeme huo, kwa hiyo haivuti cheche. Unaponunua, geuza uangalie: iliyofinyangwa bila ribiti ndiyo ya kuchukua.

Kondensa nayo, kile kikopo kinachozuia cheche kwenye pointi. Inatakiwa iwe na takriban mikrofaradi 0.2. Ikifa, pointi zinarusha cheche nene za buluu, zinaungua upande mmoja na kuota kichuguu upande wa pili, injini inamisi ikibebeshwa mzigo. Tatizo la hizi mpya ni kwamba ukizipima mezani zikiwa baridi zinasoma vizuri tu. Chukua mashine ya kukaushia nywele, ipashe moto dakika kadhaa huku mita ikiwa imeunganishwa. Namba ikianza kuyumba au kuanguka, usiifunge. Na kama ile ya zamani inapita mtihani huo, ibaki ilipo. Nani alisema kila sevisi lazima kondensa ibadilishwe?

Pointi: nafasi ni milimita 0.35 hadi 0.40. Kisigino cha plastiki cha hizi mpya kinalika haraka, nafasi inajifunga, na ikijifunga taimingi (wakati wa cheche kupiga) inachelewa. Gari linakuwa zito, linachemka, mtu anakimbilia rejeta. Paka grisi kidogo sana kwenye kamu ya distibuta (ukizidisha inarukia pointi), tembea kilomita mia chache, kisha pima tena na urekebishe taimingi. Hiyo ni lazima kwa pointi mpya. Ukiwa hapohapo, angalia kawaya kembamba kanachounga bamba la pointi na mwili wa distibuta. Kakikatika ndani ya gamba lake, unapata gari linalozima na kuwaka lenyewe, na hakuna anayekafikiria.

Sasa koili, ambako muuzaji anakuuliza "ya 12 volti?" unasema ndiyo, mnaachana. Hilo si swali! Pima ukinzani kati ya vituo viwili vidogo. Koili ya mfumo wa kawaida ina karibu omu 3, hivyo inavuta kama ampea 4. Koili ya mfumo wenye balasti (ukinzani unaopunguza volti zinazofika kwenye koili) ina karibu omu 1.5. Ukiifunga hii ya pili kwenye MGB ya mwanzo ya bampa za kromu isiyo na balasti, mkondo unakaribia mara mbili: koili inachemka, pointi zinaungua, unalaumu kondensa. Ukifanya kinyume, koili ya omu 3 kwenye gari lenye balasti, cheche inakuwa dhaifu. MGB nyingi za baadaye za bampa za mpira zina balasti, na balasti yenyewe ni waya wa ukinzani uliofichwa ndani ya fungu la nyaya, huioni kwa macho. Pima volti kwenye koili pointi zikiwa zimefunga na swichi imewashwa: ukikuta karibu 6 badala ya 12, unayo.

Tuhamie chini ya gari, maana huku ndiko watu wanaumia.

Spitfire na ndugu yake GT6 zina tranioni za shaba (viungo vyenye nyuzi ambavyo gurudumu huzungukia likikata kona) chini ya nguzo ya gurudumu la mbele. Tranioni hiyo inatakiwa OILI, ile ya gia ya EP90, si grisi. Nimeandika kwa herufi kubwa kwa sababu mpaka leo kuna watu wanawapelekea wenzao ushauri wa kupiga grisi. Grisi inakauka, haifiki kwenye nyuzi za chini, maji yanatuama, chuma cha nguzo kinaliwa na kutu ndani kwa ndani usikokuona. Siku inakatika, gurudumu linalala ubavu. Fungua bolti ndogo ya kuziba, funga nipeli ya grisi, jaza oili kwenye bunduki ya grisi, sukuma mpaka ichomoze juu. Rudia angalau mara moja kwa mwaka. MGB ni mfumo mwingine: ina kingipini (pini ambayo gurudumu huzungukia likikata kona), hiyo ndiyo ya grisi, na gari liinuliwe kwanza, magurudumu yaning'inie, la sivyo grisi haizunguki upande unaobeba uzito.

Bushi za mpira za mkono wa saspensheni ya mbele zinapasuka baada ya miezi, kweli, na mpira wenyewe mara nyingi ni mbovu. Lakini nusu ya kesi hizi ni ufungaji. Watu wengi wanaweka bushi za aina ya MGB GT V8 ya 1973 hadi 1976, ambazo mpira umegandishwa kwenye chuma. Ukikaza bolti gari likiwa juu ya jeki, mikono imening'inia, ukishusha gari mpira unabaki umejisokota muda wote. Lazima upasuke. Bolti ziache zikiwa zimeshikwa kwa vidole, shusha gari, lisukumesukume likae, halafu ndipo ukaze.

Tapeti za injini (vikombe vinavyosukumwa na kamshafti kufungua valvu) sitazieleza sana, inatosha kusema kwamba zikiwa laini zinakula kamshafti, na vumbi la chuma linazunguka injini nzima. Kamshafti mpya na tapeti mpya: zipakwe mafuta mazito ya kufungia, oili iwe 20W-50 yenye zinki ya kutosha, na injini ikishika tu iende mizunguko 2,000 hadi 2,500 kwa dakika 20 mfululizo. Usiiache ikinguruma polepole, kwa mwendo huo kamu hairushiwi oili ya kutosha. Maana yake taimingi na petroli viwe sawa kabla hujapiga starta.

Ninachodai kwa wauzaji si kikubwa. Waandike spea imetengenezwa wapi na kwa kiwango gani, na waache neno "ya asili" kama si ya asili. Na ninyi wenzangu: spea ya zamani iliyopita kipimo iwekeni kwenye mfuko, muandike tarehe, ikae buti.

---

Jibu #2

Mkuu umenena. Naongeza kabureta za chapa ya SU maana huko ndiko watu wanakoharibu kwa bisibisi. Utaratibu ni mmoja: nafasi za valvu kwanza, kisha pointi, kisha taimingi, kabureta MWISHO. Mtu anaanza na kabureta halafu anashangaa gari halitulii wiki nzima.

SU ya modeli ya HS4 ikikataa kutulia, puliza spreyi ya kuwashia kwenye ncha za shafti ya kipepeo. Mlio ukibadilika, shafti imelika na inavuta hewa, hakuna marekebisho yatakayokusaidia. Mchanganyiko urekebishwe kwa kugeuza nati ya jeti upande mmoja wa hexagoni kwa wakati mmoja, kisha inua pistoni ya kabureta kwa milimita 0.8 tu. Injini ikipanda na kubaki juu, petroli imezidi. Ikitaka kuzima, imepungua. Ikipanda kidogo kisha ikarudi, iache hapohapo.

Na jamani, mnapofunga filta mpya za michezo: flanji ya SU ina vitundu vya hewa. Gasketi au bamba la filta likiwekwa juu chini, vitundu vinazibwa, pistoni hainyanyuki, gari linakosa nguvu kabisa. Filta imegharimu hela, mwenye gari anaapa kwamba "limepungua nguvu kwa sababu ya sindano ya kabureta".

---

Jibu #3

Malalamiko ya nini yote haya? Weka ignisheni ya elektroniki, ondoa pointi na kondensa, maisha yaendelee. Na ukitaka nguvu, toa hizo SU, weka kabureta ya Weber 45.

---

Mwanzisha uzi

Mkuu #3, ignisheni ya elektroniki siipingi, ila haijaondoa rota. Rota mbovu itakulaza vilevile, moduli yako (kile kifaa cha elektroniki) ikiwa nzima. Halafu hakikisha mambo haya kabla ya kufunga. MGB za kabla ya mwishoni mwa 1967 zina upande chanya wa betri kwenye bodi. Moduli ya hasi kwenye bodi ukiiunganisha humo inakufa papo hapo. Moduli nyingi hazitaki umeme uliopitia balasti, zichukulie waya wake kabla ya balasti. Usiache swichi imewashwa injini imezima, baadhi zinaungua. Bamba la zamani lenye pointi na kondensa liweke zima jinsi lilivyo, maana moduli ikifa njiani haitengenezeki, pointi unazifunga kwa bisibisi moja.

Weber 45 kwenye injini ya MGB ya cc 1798 isiyoguswa ni kutafuta shida. Kamshafti ni ya kawaida, kichwa ni cha kawaida, hewa inapita polepole kwenye koo pana kiasi hicho, petroli haichanganyiki vizuri chini, unapata shimo, yaani injini inasita, kila ukikanyaga. Kama huna jeti za akiba na mtu wa kupima mchanganyiko gari likiwa na mzigo, SU mbili zilizofungwa shafti mpya zitakupita. Fanya kichwa kwanza, na ukiwa umekifungua weka viti vigumu vya valvu za ekzosi, hizi injini zilitengenezwa kwa petroli yenye risasi.

---

Jibu #4

Swali kwa mwanzisha uzi. Petroli yenye ethanoli, je? Mipira yangu ya mafuta imeanza kutoa jasho.

---

Mwanzisha uzi

Itoe leo, usingoje wikiendi. Uingereza petroli ya kawaida ni E10 (yenye ethanoli hadi asilimia 10) tangu 2021 na mipira ya zamani haikutengenezwa kwa ajili yake: inalainika ndani, inapasuka nje, na kwenye MGB inapita juu ya ekzosi. Nunua iliyoandikwa R9 (alama ya mpira unaostahimili ethanoli) mwilini, si kwenye risiti tu. Ikunje kwa nguvu kabla ya kuifunga, ikionyesha nyufa irudishe. Baada ya mwezi ikunje tena, safari hii ikiwa kwenye gari, na upitishe kidole chini ya kila klampu. Hakikisha pia klampu si zile zenye matundu yanayokata mpira, tumia za bendi laini zinazokaza kwa bolti. Chungulia na kwenye chumba cha floti cha kabureta: ukiona unga mweusi chini, mpira unamomonyoka kwa ndani hata kama nje unang'aa.