"Umekula nini jana?" Yaani dripu iingie mshipani, kosa liwe la chakula!

MifupaChuma:
Wakuu, nina hasira hadi kibodi inalia. Yule mtundika dripu mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule wa "dripu haipiti tumboni, kwa hiyo tumbo halihusiki". Leo karudia. Mama wa watu katundikiwa asidi ya zoledroniki, ile dawa ya mifupa dhaifu, miligramu 5 kwenye mililita 100, kesho yake anatapika, anaharisha, homa imepanda, viungo vyote vinauma. Anapewa jibu: "Umekula nini jana?"

Umekula nini jana!

Dawa ikifika kwenye damu inazichokoza chembe nyeupe, nazo zinamwaga kemikali zilezile zinazoleta homa na kichefuchefu mtu akishikwa na mafua makali. Imeandikwa kwenye karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi, ile ambayo yule bwana huwa anafutia meza. Kichefuchefu kimo, kutapika kumo, kuharisha kumo. Chakula cha jana hakimo!

Eti haipiti tumboni. Kwani mbu anauma tumboni? Mbona malaria inatapisha?

Na dripu yenyewe kaiachia ikakimbia kama inawahi basi, wakati haitakiwi kuisha chini ya dakika 15. Figo za mtu ndizo zinalipia hiyo haraka. Halafu umekula nini jana.

KanulaBluu:
😂😂😂 Huyo hata ukivunjika nyonga atakuuliza umekula nini jana.

SindanoYaMoto:
Mleta uzi punguza povu, utaishiwa maji na wewe. Kabla ya dripu mtu anywe glasi 2 za maji. Baada yake parasetamoli gramu 1, anaweza kurudia kila saa 6, isizidi gramu 4 kwa saa 24. Mwembamba sana au mwenye ini bovu apunguziwe. Anayeharisha apewe ORS kidogo kidogo, akigida kikombe kizima kinarudi chote. Ibuprofeni aiache, maji yameshapungua mwilini na figo hazitaki mzigo mwingine. Mara nyingi siku 3 zinatosha, na dripu ya mwaka unaofuata huwa na nafuu.

MzeeWaVipimo:
Vipimo mmeviruka. Kreatinini (inayoonyesha hali ya figo), kalsiamu, vitamini D, vyote kabla ya kutundika. Figo zikisafisha chini ya mililita 35 kwa dakika, haitundikwi. Kalsiamu ikiwa chini halafu mkatundika, midomo inakufa ganzi na vidole vinakakamaa. Hapo arudishwe hospitali haraka, asiambiwe akalale.

KanulaBluu:
Akifika anaulizwa umekula nini jana 😂

KidongeJumatatu:
Watu wa dripu mnadeka. Mara moja kwa mwaka na bado mnalia! Sisi wa kidonge cha mifupa, alendroneti, miligramu 70, ni kila wiki: tumbo tupu, glasi nzima ya maji matupu, halafu nusu saa wima, hakuna kujilaza. Kikikwama kwenye umio ndiyo utajua kiungulia ni nini.

ChooSikuYaNne:
Mnabishania kuharisha, mnaringa. Vipi waliofungwa choo na vidonge vya kalsiamu? Hao hawana uzi?

SindanoYaMoto:
Hiyo ni kalsiamu ya aina ya kaboneti. Imezwe na chakula, na isizidi miligramu 500 kwa mkupuo. Ikigoma, omba ya aina ya sitreti.

ChooSikuYaNne:
500 za kidonge kizima au za kalsiamu yenyewe?

MzeeWaVipimo:
Za kalsiamu yenyewe. Kidonge cha kaboneti cha 1250 ndani yake kina 500. Soma boksi.

MifupaChuma:
Jamani, tulikuwa kwenye "umekula nini jana".

KidongeJumatatu:
Na kalsiamu isikutane na alendroneti, ipite angalau nusu saa. Zikikutana kidonge hakifyonzwi, ni sawa na kumeza chaki.

ChooSikuYaNne:
Na vidonge vya kuongeza damu je?

MzeeWaVipimo:
Navyo vitenge na kalsiamu, saa 2 hivi. Na vyenyewe vinafunga choo, nakuonya mapema.

ChooSikuYaNne:
😭